Ukurasa wa Mia na Kumi na Saba

Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika
kilichosemwa, na nani, na saa ngapi.
Sipambi. Feni ya mahakama yetu hapa Wete
ina mapanga mawili badala ya matatu;
nayo nimeiandikia barua, mara nne.

Msimu ule barabara ilikuwa imevaa karafuu,
majamvi hadi ukingoni mwa lami,
na magari yakipita kwa upole
kama mtu apitaye karibu na wanaosali.

Mbwana Ussi aliuliza kituoni:
"Mizani hii ilipimwa lini?"
Basi. Gunia la baba yake
nyumbani kilo hamsini,
kituoni arubaini na tatu.
Akalala mahabusu siku kumi na moja,
bila shitaka, bila mswaki.

Hakimu wetu, Bi Wahida Khatib,
mwembamba, kikohozi chake cha vumbi la mafaili,
akauliza: "Kosa lake nini?"
Mwendesha mashitaka akatazama viatu vyake.

Hapo simu ikalia.
Ile nyeusi ya mezani, tuliyodhani imekufa.
Bi Wahida akasikiliza. Akasema naam. Akasema naam.
Kisha akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja,
akanigeukia:
"Ngwali, andika."

Nikaandika.
Saa nne na dakika kumi. Simu imeingia.
Mpigaji hakutaja jina.
Amesema kijana asitoke mpaka msimu uishe.
Mahakama imemwomba aje mwenyewe,
ale kiapo, aseme mbele ya watu.
Simu imekatwa.

Nimeandika talaka, mirathi, wizi wa kuku,
na mpaka wa shamba uliohama usiku.
Sijapata kuandika neno zito
kwa wino mwepesi kama ule.

Kijana akatokea mlango wa mbele.
Jumatatu ikatokea barua:
Bi Wahida ahamie Unguja, chumba cha nyaraka,
kwa manufaa ya umma.
Umma haukuulizwa.
Ule msemo wa nyani na ngedere tumeuchoka;
siku hizi nyani hahitaji kuja kortini,
ana namba ya simu ya ngedere.

Akaja bwana mmoja, viatu vinang'aa
ilhali Wete nzima ni matope ya vuli.
"Yakhe, karatasi moja tu."
Nikamwambia daftari lina nambari,
mia na kumi na sita haipakani
na mia na kumi na nane.
Akacheka: "Panya nao hula nambari."

Siku tatu nililala na daftari kifuani.
Mke wangu, Time, akaniuliza gizani:
"Ndiyo nini huyo unayemkumbatia kuliko mimi?"

Baba yangu alikuwa mpimaji karafuu.
Mizani, akisema, haina dhambi,
chuma hakijui njaa.
Usitazame mshale, mwanangu,
tazama kidole gumba cha anayepima,
kimekaa wapi.

Alhamisi akafika binti wa tume ya haki za binadamu,
Sabiha Omar, kwa pikipiki ya kukodi,
maana gari lao lina magurudumu
ila halina bajeti.
"Mkubwa wangu kaambiwa asije," akasema,
"mimi hakuna aliyenikumbuka."
Mashine yetu ya kunakili haina wino tangu Ramadhani,
akakaa kwenye benchi la mashahidi
akanakili kwa mkono, neno kwa neno,
hata pale nilipokosea tahajia.
Nikataka kumsahihisha. Akakataa.
"Kama kilivyo," akasema.

Nje mvua ikaanza, watu wakakimbilia majamvi,
wanakunja karafuu kama wanaokoa watoto.
Naye akapiga muhuri, akafunga mkoba,
akaniuliza kwa sauti ya chini:
"Wewe, mzee Ngwali, huogopi?"

Naogopa, nikamwambia.
Andika na hilo.